Chumba cha Vyura

Jumatatu, 3 Machi

Masika yameanza. Tulikuwa tunamaliza daku, mvua ikashuka kama iliyosukumwa, nami nguo zote ziko kambani. Nikatoka mbio na kanga moja, nikarudi nimelowa chapachapa. Rahimu kashika kikombe cha chai, anacheka. "Mama Samiha, naona umefua mara ya pili."

Daftari hili alininunulia yeye niandike matumizi ya nyumba. Mie shule niliishia kidato cha pili, na hata huko mie na hesabu tulikuwa hatusalimiani. Nilipenda insha. Basi nitaandika insha, matumizi atayaona mwenyewe yakiisha.

Tunakaa Raskazone, nusu ya nyumba moja kubwa ya zamani, ya kuta nene na madirisha marefu. Nusu ya pili wanakaa Edgar na mkewe Leticia na mtoto wao Noa. Edgar ni mtu wa benki, Leticia ni mkaguzi wa hesabu. Rahimu wangu ni mhandisi bandarini, wa zile mashine za kunyanyulia makontena. Katika ua huu ni mie peke yangu sina cheo, lakini bomba likiachwa wazi ni mie ninayejua nani kaliacha.

Na yuko Samiha, mwanangu, wa miaka mitatu na ushee. Kila asubuhi, macho hayajafumbuka sawasawa, huita kutoka chumbani kwake: "Mama, upo?" Nami huitika: "Nipo." Hapo ndipo siku yake huanza. Nisipoitika, kwake bado usiku.

Jumatano, 5 Machi

Nimekamatwa. Rahimu karudi mchana bila taarifa, akanikuta jikoni na embe bichi, chumvi na pilipili, mdomo umejaa.

"Asma! Mchana wa Ramadhani?"

"Si mie ninayekula."

"Ni nani, paka?"

Nikamtazama tu. Akanitazama. Funguo za gari zikamponyoka, akanibeba na embe langu mkononi akanizungusha mpaka nikamwomba anishushe nisije nikatapika. Alifurahi, nami niliiona ile furaha yake kwa macho yangu. Kisha nikamwona anageuka kutazama ukutani, kwenye ramani. Uso ulibaki unacheka, macho yakawa yameshaondoka.

Ramani hiyo ni ya nyumba yetu ya Kigombe, kwetu nilikozaliwa. Ni ghorofa, vyumba vitano vya kulala. Masta, chumba cha Samiha, cha mtoto mwingine, cha mwingine, cha wageni. Msingi upo pale karibu na kwa mama yangu tangu mwaka tuliooana, na ramani ipo hapa ukutani, na kati ya msingi na ramani hakuna kitu. Rahimu anasema akianza anataka aanze kweli. Yeye kakulia Ngamiani, chumba kimoja, ndugu wanane, yeye kitanda chake kilikuwa chini ya meza ya chakula. Mpaka leo akiamka huinuka kainamisha kichwa. Ndiyo maana kajiapiza: kwake kila mtoto atakuwa na chumba chake.

Mshahara wake ukitajwa Kigombe watu hushika kifua. Lakini hapa Raskazone, tangu waje hawa watu wa miradi, kodi zimepanda, na mshahara huingia ndani ukapita moja kwa moja kama mgeni aliyekuwa anaulizia nyumba ya jirani. Kodi ni ya mwaka mzima, kwa mkupuo. Mkataba wetu unakwisha mwisho wa Juni, na mwenye nyumba, Mama Bertha, alituambia tangu siku ya kwanza: "Mume, mke, mtoto mmoja. Sitaki kitalu."

"Tutafanyaje?" Rahimu kaniuliza.

Nikamwambia tutafuturu kwanza.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Kutapika. Mvua.

Jumapili, 16 Machi

Leticia kaja barazani kuniletea tangawizi. Mtu wa Lushoto, mwili mwembamba, maneno machache, kila neno limepimwa. Nimemwambia habari yangu maana tumbo halitafichika muda mrefu.

"Hongera, Mama Samiha," akasema. Kisha akakaa. "Sisi tumeshafunga duka. Noa anatosha. Ukikaa mjini, mtoto unamzaa mara moja, kodi unaizaa kila mwaka."

"Na Baba Noa naye kasemaje?"

"Tulipiga hesabu pamoja. Mshahara wangu unasomesha, wake unapangisha. Akija wa pili, nani atamlipia? Malaika?"

Nilipoingia ndani nilijiambia huyu mwanamke ana kikokotoo mahali pa moyo. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyojiambia. Tangawizi ilinisaidia.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Kigombe kwa mama. Samiha na gauni jipya na viatu vinavyowaka taa, watoto wote wanamfuata kama askari.

Mama yangu ni Bi Mboni, na kwa Bi Mboni jambo la furaha halisemwi kwa sauti ndogo. Nilipomnong'oneza, alipiga kigelegele mpaka jirani mmoja akatoka na mwiko mkononi kuuliza nani kaolewa. Akanishika tumbo, akanisomea dua, akaniwekea sahani ya pili. Halafu, huku anamimina chai, akauliza kama anayeuliza sukari:

"Basi Samiha mnamleta lini?"

Ndiyo desturi yetu. Mtoto akipata mdogo wake, yule mkubwa huenda kwa bibi, akalelewa, mama akapumua. Hakuna ubaya ndani yake. Lakini nilimwona Rahimu. Alimtazama mama kama mtu mwenye kiu aliyetiliwa maji.

Jumamosi, 5 Aprili

Rahimu kapanga, na akipanga hupanga vizuri. Samiha aende Kigombe mwezi wa tano, azoee kabla mdogo wake hajazaliwa. Sisi tuhuishe mkataba, watu wawili na kichanga, Mama Bertha hatakuwa na neno. Miaka miwili, mitatu, ghorofa litakuwa limesimama, tumchukue mtoto wetu aingie chumbani kwake.

"Kila Jumamosi tutakwenda kumwona, Asma. Si mbali."

Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu sikuwa na chumba cha kumwonyesha.

Mie nimelelewa Mwera, kwa bibi yangu. Alinipenda, alinifundisha kusuka ukili, alinifichia nazi za kukuna nisichoke. Niliporudi Kigombe kuanza darasa la kwanza, mama yangu nilimwita shangazi. Watu wakacheka, naye akacheka. Sijawahi kumuuliza juu ya siku ile.

Jumanne, 15 Aprili

Paa linavuja juu ya kitanda cha Samiha. Mama Bertha kasema kwenye simu tuweke ndoo. Nyumba yake, ndoo yetu. Samiha kahamia kitandani kwetu, kalala kama panga la feni, Rahimu kapigwa teke la sikio. Asubuhi, kanilalia mkono, bado akauliza: "Mama, upo?"

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka ya jirani zetu. Leticia katuletea kuku na wali, sinia zima. Noa, ana miaka saba, kakaa na Samiha wanamenya mayai, akamwambia mama yake mbele za watu: "Samiha anapata mdogo wake. Wa kwangu mmemwagiza lini?"

Edgar akacheka. Leticia akachukua kitambaa akafuta meza, na meza ilikuwa safi.

Jumatano, 23 Aprili

Kliniki. Nimemsikia moyo. Unakwenda mbio kama cherehani ya fundi mwenye oda za Idd.

Alhamisi, 1 Mei

Nimepanga mfuko wa Samiha. Nimeupangua. Nimeupanga.

Jumapili, 4 Mei

Naandika nikiwa Kigombe, kwenye mkeka wa mama, na hivi ninavyoandika nacheka peke yangu, na jana ungeniambia nitacheka nisingeamini.

Tulikuja jana na ule mfuko. Magauni mawili, mdoli wake, mto wake mdogo. Tulikusudia tumwache, tugeuze alasiri. Mvua ikakataa. Ilinyesha mpaka mchepuko wa barabara ukajaa maji, magari yakawa yanarudi. Tukalala sote chumba kimoja cha mama, mkeka kwa mkeka, Rahimu pembeni ya mlango miguu nje ya shuka.

Asubuhi niliamka mapema kumsaidia mama kuni. Nilikuwa bandani jikoni, mvua inapiga bati, sikusikia kitu. Nilipoingia ndani nilimkuta mama kakaa chini, Samiha mapajani mwake analia kwa kwikwi. Akanirukia shingoni.

"Huyu mtoto huita hivi kila siku?" mama akauliza. "'Mama, upo'?"

"Kila siku."

"Nimemwitikia mie. Mara mbili nimemwambia nipo. Kanitazama kama mtu aliyekosea nyumba." Akaanza kukunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa. "Wewe kule Mwera ulikuwa ukimwita nani?"

"Sikumbuki, mama."

"Mie nakumbuka. Nilikuwa nikija na kisamaki changu na andazi, wewe unajificha nyuma ya mlango unaniona haya. Na siku uliponiita shangazi, watu walicheka nami nikacheka. Wewe ulidhani kile ni kicheko?"

Nilimshika mkono tu, nao ulikuwa unanuka moshi na dagaa, mkono wa mama yangu.

Rahimu akawa ameamka, kainuka kainamisha kichwa kama kawaida yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Mfuko wa mtoto urudishe kwenye gari."

"Mama, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Sasa sikubali. Akija kutembea, nyumba ni yake, aivunje akitaka. Kuachwa, hapana. Desturi zetu nyingi nzuri, na hii kwa wengine ni nzuri. Mie iliniunguza. Sitaki imuunguze huyu na mama yake."

Rahimu hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alisema kwa sauti ya mtoto aliye chini ya meza: "Basi tutakaa wapi, mama? Sote wanne, wapi?" Akatoka nje bila viatu.

Nilimfuata. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka kali kama lililochelewa. Alikwenda moja kwa moja kwenye msingi wake.

Lazima nieleze msingi ulivyo. Upande wa sebule una sakafu ya zege, ile mafundi wanayoiita jamvi. Vyumba vingine ni kuta fupi za msingi tu, ndani tupu, na masika haya vimejaa maji mpaka juu. Pale kwenye sebule palikuwa na wanawake kama sita wanaanika dagaa, wanatandaza upesi kulidaka jua. Samiha alikuwa amenipita mbio, keshachuchumaa ukingoni mwa dimbwi.

"Baba, hiki chumba cha nani?"

"Cha kwako, mama."

"Mbona kina vyura?"

Hapo Bi Hafsa, mchuuzi wa dagaa, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa, akainua mgongo. "Umesikia, mhandisi? Umewajengea vyura, tena kila mmoja na chumba chake. Wa masta huyo ndiye analia kwa sauti nene."

Wanawake wakaangua kicheko. Rahimu akawa kama hajasikia. Akatazama dagaa, akatazama zege lake.

"Na nyie, nani kawaruhusu kuanika hapa?"

"Tunalipa kodi," Hafsa akasema.

"Mnamlipa nani?"

Wote wakageuka. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni kwake, ghafla pindo la kanga limempendeza, analichunguza uzi mmoja mmoja.

"Mama?" Rahimu akaita.

"Sahani moja moja tu, mwanangu. Siku za jua."

"Zile dagaa unazonifungia kila nikija…"

"Ndiyo kodi yako hiyo. Si unaila?"

Nilidhani atafoka. Badala yake kicheko kikamtoka toka tumboni, kikamkalisha juu ya ukuta wa msingi, machozi yanamtoka. "Asma! Mie ni mwenye nyumba! Mwenzio nina wapangaji!"

Walipochoka kucheka, Hafsa akaja akakaa jirani naye, mikono magamba matupu. "Sasa mwenye nyumba, si ukae na wewe? Vyumba viwili na jiko. Usimamishe hivyo, upige bati, uingie."

"Ramani ni ya ghorofa, Bi Hafsa."

"Kwani ghorofa hushuka kutoka juu?"

"Watu wa kazini watasema mhandisi mzima kajibana vyumba viwili."

"Waambie waje wayaseme hapa, tuwape na dagaa waseme wameshiba."

Rahimu akainuka, akaanza kupima kwa hatua. Masta, chumba cha pili, jiko. Akasimama mahali pasipokuwa na mlango, akainamisha kichwa, akapita. Ndipo aliponigeukia. Tangu tuoane kanijengea mengi kichwani mwake, lakini hajawahi kuniuliza hili.

"Asma, wewe unatakaje?"

"Mie nataka mahali nikiitwa niitike," nikamwambia. "Ukubwa utajua wewe."

Barabara haijafunguka. Tunalala tena kwenye mkeka. Mama kapika wali wa nazi, na dagaa. Rahimu kasema hii kodi ni tamu.

Alhamisi, 8 Mei

Rahimu kaishusha ramani ukutani. Ukuta umebaki na alama nyeupe ya mraba. Kapiga hesabu kwenye karatasi mbili, akaniita jikoni: kodi ya mwaka mmoja ya hapa ni kuta na bati za kule. "Nimekuwa nikimjengea Mama Bertha," akasema. Kutoka Kigombe mpaka bandarini ataamka mapema zaidi, basi. Kwani si anaamka tayari kwa mateke ya Samiha?

Jumamosi, 10 Mei

Hafsa kaitisha msaragambo. Huo ni mwito wa watu wote kutoka na majembe na ndoo, na kwetu huwa ni wa shule, wa njia, wa kisima. Hajawahi mtu kufanyiwa wa nyumba yake, tena mtu mwenye gari. Wazee wakauliza mbele ya mjumbe: tangu lini?

Hafsa akajibu: "Tangu lini tunaanika dagaa pasipo mchanga? Tangu huyu bwana amwage zege lake na kulisahau. Watoto wetu wamevaa sare za shule kwa zege hilo. Lakini lina sharti. Sebule ibaki yetu mpaka siku atakapoijengea kuta."

Rahimu kakubali. Mhandisi wangu kasaini kwa mdomo, mbele ya mjumbe, sebule ya dagaa.

Jumamosi, 17 Mei

Siku ya msaragambo! Mvua ilitutisha alfajiri, ikaona aibu ikaondoka.

Watu walianza kwa kuwatoa vyura. Samiha kalia, akapewa ndoo, akawahamishia mmoja mmoja kwenye mfereji akiwaambia watapewa kwingine. Vijana wakaja na vifusi, fundi Safari akavuta kamba zake, wanawake tukapanga mstari toka kisimani. Mie nilikatazwa ndoo, nikapewa mwiko wa jikoni, nikalikorogea jeshi zima.

Saa nne hivi likaingia gari la Edgar. Nilikuwa nimewaambia kwa ajili ya kusema tu, sikudhani watakuja. Leticia kashuka na mabuti ya mvua, shati la mumewe, kilemba. Akaomba ndoo. Akaiweka kichwani kama wenzake, na alipofika kwa fundi ilikuwa nusu, yeye kalowa mpaka kiunoni.

Hafsa akapiga makofi. "Maji ya mkaguzi hayo! Yameshakaguliwa njiani!"

Nikaogopa atachukia. Leticia alisimama, akajitazama, akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka kwa sauti. Ana kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Akarudi kisimani. Mpaka adhuhuri alikuwa anafikisha robo tatu, na kila akipita wanapiga makofi. Edgar alibeba mchanga na tai mfukoni.

Kuta zimefika usawa wa dirisha.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua kubwa. Safari kakaa chini ya turubai anacheza bao na mama. Mama kashinda.

Jumamosi, 31 Mei

Leticia kanigongea, kabeba mfuko mkubwa. Nguo za kichanga, za Noa, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa na karafuu katikati zisiliwe na wadudu. Soksi ndogo kama kidole gumba.

"Nilikuwa naziweka tu," akasema.

"Miaka saba, Mama Noa? Na duka lilifungwa?"

"Mama Samiha, usinikague."

Tukacheka. Tukazitandaza kitandani moja moja, ananiambia hii alivaa siku gani, hii alitapikia. Mwanamke huyu niliyesema ana kikokotoo mahali pa moyo. Siku hizi zote alikuwa anawekea karafuu kitu asichokuwa na chumba cha kukiweka.

Alipoinuka kuondoka alichukua kofia moja ya manjano kutoka kwenye rundo. "Hii nabaki nayo." Akaikunja, akaitia mfukoni.

Jumamosi, 7 Juni

Idd ya kuchinja. Bati zimepigwa jana. Tumekula nyama chini ya paa letu, bila mlango, bila dirisha. Rahimu kala kasimama, anatazama juu.

Jumamosi, 14 Juni

Mama Bertha kaja na mkataba mpya na miwani yake ya mnyororo. Alikaa, akanywa juisi ya ukwaju, akanitazama tumbo.

"Naona mnaongezeka."

"Tunaongezeka, mama," Rahimu kasema, "na tunahama."

Miwani ikashuka. "Mnahamia wapi? Nani kawapa nyumba nzuri kuliko hii?"

"Si nzuri kuliko hii. Vyumba viwili, na sebule ina dagaa."

Alidhani anataniwa. Alipoelewa, akamtazama Samiha aliyekuwa anamvisha mdoli kanga. "Mpangaji kama wewe sitampata tena," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mwenye nyumba. "Nimelea wanne mie, kwenye vyumba vya serikali, viwili. Sijui ilikuwaje nikaja kuogopa watoto." Akamaliza juisi. Akaomba ya pili.

Jumamosi, 28 Juni

Tumehama. Edgar katusaidia kubeba, Noa kabeba mto wa Samiha, hakutaka kuuachia, ikabidi tumchukue yeye na mto. Leticia kasema watamfuata kesho, halafu kasema keshokutwa.

Jumapili, 29 Juni, Kigombe

Naandika juu ya sanduku, meza bado.

Madirisha mawili fundi Safari hajayaleta. Mvua ilitukuta jana jioni, Rahimu akatafuta cha kuzibia, akapata ile ramani. Kaipigilia misumari dirishani, ghorofa lote, vyumba vyake vitano. Imetukinga vizuri. Leo wino umechuruzika, chumba cha wageni kimeungana na ngazi. Nilidhani atahuzunika. Kasema: "Itachorwa nyingine, tukijua tuko wangapi."

Vyumba ni viwili, na cha pili tulikipanga kiwe cha watoto, Samiha na mgeni wetu akifika, na Noa akija kutembea. Rahimu alimuuliza Samiha mdogo wake atalala upande gani wa kitanda. Samiha akafikiri sana. "Katikati," akasema. "Asianguke."

Asubuhi niliamka kabla ya wote. Jua limetoka mapema, lile jua jepesi la kuanza kipupwe. Mama alikuwa kwake ng'ambo ya ua, anafagia. Kwenye sebule yetu Hafsa na wenzake walikuwa wameshafika, wanatandaza. Chura mmoja alikuwa kakaa kwenye kizingiti, kanitazama kama mpangaji aliyesahauliwa kuambiwa ahame. Nilimwacha. Rahimu aliamka, akainuka kutoka kitandani, akanyoosha mgongo, kichwa juu, akapita mlangoni wima. Mwenyewe hakujua. Mie nilijua, nikageuza uso.

Nilikuwa nje napuliza moto, mdomo umejaa moshi, uliposikika ule wito wa kila siku, kwa usingizi, kutoka ndani:

"Mama, upo?"

Nikavuta pumzi niitike. Lakini Rahimu aliyekuwa anapiga mswaki uani alikuwa ameshasikia, na mama na ufagio wake, na Hafsa na wanawake wote juu ya dagaa zao, hata Noa, kwa sauti ya chini ya shuka. Wakaitika kwa pamoja, mpaka yule chura akaruka kutoka kizingitini:

"Tupo!"